Kujilipua na Kaburi la Chula

Mama,

Neno "kujilipua" nimelibuni mimi. Wewe mwenye shahada mbili, popote utakapoandika habari za maneno ya watu wetu, andika hivyo: mwenye neno ni baba yangu, mzee wa Tottenham, elimu yake darasa la tano, anakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo lifti yake inanuka mikojo asubuhi na supu jioni. Wote wanaolitumia leo, tangu wabeba boksi wa hapa mpaka vijana wa Dar na simu zao, wananiibia mimi.

Uongo. Sijabuni kitu. Nilitaka tu barua ianze nikiwa mtu mkubwa, kwa sababu ikifika katikati nitakuwa mdogo sana, na ningependa uwe umeniona mkubwa walau kwa mistari mitano.

Umetoka kwenda Stanmore kumuaga rafiki yako, umesema utarudi tule pamoja. Saa kumi jioni hii na nje kumeshakuwa giza, si unajua Desemba ya huku. Masanduku yako mawili yamesimama koridoni kama askari wanaosubiri nimalize maelezo. Mambo ya chandarua, dawa ya malaria, maji ya kuchemsha, nayaruka. Umeshaambiwa na kila mtu mwenye mdomo. Na kazi yenyewe unakwenda kupima mikoko Lamu. Mimi mikoko naijua ikiwa boriti ya dari tu, sina la kukufundisha.

Nina moja tu, na nimelilea mpaka limeota ndevu.

Jumapili tatu zilizopita ulikaa hapa hapa jikoni, ukachovya mkate kwenye chai yangu kama kawaida yako, ukaniambia: "Baba, nimejilipua." Nikakuuliza umejilipuaje. Ukanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwamba umeacha kazi ya ofisini, umesaini mkataba wa miaka miwili, na kwamba hivi ndivyo wanavyosema marafiki zako wa Nairobi na Dar: mtu akifumba macho akafanya jambo alilokuwa akiliogopa, kajilipua. Ukafurahi kuwa umenifundisha neno jipya. Nikacheka. Halafu ukafungua ramani kwenye simu, ukaikuza kwa vidole viwili.

"Angalia, Baba. Kutoka Lamu si mbali. Likizo ya kwanza natafuta boti, napanda nayo juu mpaka Chula. Nataka kuliona kaburi la bibi. Mmoja wetu lazima aende."

Chai ikanipalia. Ukanipiga mgongoni, ukasema kwa Kiingereza chako: "Usife kabla sijaondoka, nimeshalipa tiketi."

Basi shika haya mawili kabla sijaanza kuzunguka, maana mimi nikianza hadithi hupotelea njiani. Usiende Chula. Huko ni Somalia, si kwa kwenda, watu wa bunduki hawajaisha. Na bibi yako hakuzikwa Chula. Lile kaburi nililokusimulia tangu utotoni, la ufukweni, la kanga nyekundu na kasia lililovunjika, lipo kweli. Ndani yake yumo mama wa mtu. Si mama yangu.

Sasa nizunguke.

Neno nililikuta hapa hapa Tottenham, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la nywele za bandia. Tulilala wanaume sita, magodoro manne. Mwenyeji wetu alikuwa mtu wa Dar, tukimwita Chogo kwa jinsi kichwa chake kilivyochongoka nyuma, na yeye alikuwa akiringia hicho kichwa. Siku niliyofika, kabla sijavua koti, akaniuliza:

"Mbwana, viza yako ina miezi mingapi?"

Ndiyo, Mbwana. Hukusoma vibaya. Mimi ni Mbwana Athumani, wa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Huyo Ali Shee unayemjua, mzaliwa wa visiwa vya Wabajuni, nitamfikia sasa hivi.

"Miwili," nikamjibu.

"Basi jilipue mapema. Ukichelewa watakukamata ukiwa mzima."

Maana yake ilikuwa hii: uende ofisi ya uhamiaji mwenyewe kwa miguu yako, useme huna pa kurudi, na uwape nchi inayoungua ili washindwe kukurudisha. Kwa nini kuliitwa kujilipua, pale chumbani tulibishana mpaka wali ukaungua. Mmoja akasema ni kwa sababu unaichana pasipoti yako vipande vipande kwenye choo cha ndege, unashuka ukiwa huna ushahidi kwamba ulizaliwa. Mwingine akasema ni kwa sababu ukitoka pale ofisini hujui kiungo gani chako kimebaki. Mimi nikasema neno limetoka kwetu Tanga, kwa wavua kwa baruti. Nikawasimulia Mzee Bakari wa mtaani kwetu, aliyechelewa kuitupa chupa ya baruti, ikaenda na mkono wake wa kulia. Tangu hapo alikula kwa kushoto, na kila akikaribishwa sinia alituomba radhi kwanza, hata sisi watoto. Tangu siku hiyo nikawa nadai neno ni langu. Lakini Chogo alilikuta kwa waliomtangulia, na hao walilikuta kwa wengine. Hakuna aliyejua limeanzia wapi, na waliolitumia walikuwa watu wasiotaka kuulizwa wameanzia wapi.

Sasa, Tanga haikuwa inaungua. Tanga kulikuwa na shida za kawaida: viwanda vimefungwa, mkonge umelala, vijana tumekaa barazani tunahesabu baiskeli. Hakuna ofisa atakayekupa karatasi kwa hilo. Ilibidi uazime nchi ya mwingine. Na kwa mtu wa Kiswahili mlango ulikuwa mmoja: Wabajuni. Visiwa vyao viko Somalia, vita vilikuwa vinawala, na lugha yao ni ndugu ya yetu. Mtu wa Tanga akiukaza ulimi kidogo, akasahau kidogo, anapita.

Kati yetu sita, Mbajuni wa kweli alikuwa mmoja. Kombo. Mtu wa maneno machache, mpishi mzuri kuliko sote, wali wake punje moja haishiki nyenziwe. Yeye ndiye aliyetufundisha, na hakututaka kitu. Alichora visiwa vyao nyuma ya boksi la kornfleksi, akalibandika ukutani, nasi tukawa tunavisoma kama watoto wa chuoni: kisiwa hiki, kisiwa kile, kisima kiko wapi, msikiti unaelekea nini, samaki gani anakaushwa. Tukikosea alitikisa kichwa tu. Sidhani kama alituona wezi. Nadhani alifurahi kusikia majina ya kwao yakitajwa kwa sauti kwenye nchi hii.

Jioni moja Chogo akamuuliza, "Na wewe, Kombo, ulitokaje huko?"

Akasimulia mara moja tu. Walikuja Chula, kisiwani kwao, watu wenye bunduki. Mama yake alipigwa risasi mlangoni. Sanda haikupatikana kisiwa kizima, wakamsitiri kwa kanga yake nyekundu, wakamzika ufukweni haraka haraka, na yeye akachomeka kasia lililovunjika ili siku akirudi apajue. Alipomaliza akasimama, akaosha vyombo vyetu sote. Hakurudia tena.

Mimi nilimsikiliza kama mwizi anavyosikiliza kufuli.

Siku yangu ya kuhojiwa uhamiaji ilitangulia yake, kwa sababu nilikuwa na haraka. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, boksi la karatasi za kufutia pua mezani, mkalimani pembeni. Visiwa nikavipita, kisima nikakipita. Halafu akauliza: mama yako yuko wapi?

Chogo alikuwa ametuonya. "Ua wote. Ukimwacha mmoja hai watakuuliza anaishi wapi, ana simu, kwa nini hukwenda kwake." Kwa hiyo nilikwenda nikiwa nimepanga kumuua mama yangu kwa homa. Homa ya siku tatu, basi. Lakini yule ofisa alinitazama kwa uso uliokwishasikia homa nyingi, na kinywa changu kikafunguka, na akatoka mama yake Kombo. Mlango, kanga nyekundu, ufuko, kasia. Sikubakiza kitu. Nikalia. Na ubaya ni kwamba machozi yalikuwa ya kweli, nilikuwa nimemkumbuka mama yangu, ambaye saa ile yuko Barabara ya Kumi na Mbili anakaanga mahamri ya jioni. Yule mwanamke akanisogezea karatasi zake za mafua.

Wiki tatu baadaye akaenda Kombo. Akarudi mapema kuliko tulivyotarajia. Akasimama mlangoni na koti lake.

"Wameniambia hadithi hiyo wanayo tayari," akasema. "Wanasema nimefundishwa."

Akatutazama mmoja mmoja, mimi akanitazama kidogo zaidi. Kisha akaenda jikoni, akainua sufuria.

"Kuleni. Utapoa."

Alikataliwa. Mimi nikakubaliwa. Wa Barabara ya Kumi na Mbili kafaulu Uchula, na mwenye Chula kafeli. Siku moja tuliamka godoro lake limekunjwa vizuri, yeye hayupo. Visiwa aliviacha ukutani. Utaniuliza kama nilimtafuta. Nilimtafuta kidogo, kwa namna ya mtu anayeomba asipate.

Siku karatasi zilipotoka nilimpigia mama simu, kwenye kibanda cha jirani yetu ambako alikuwa akiitwa na mtoto anayekuja mbio.

"Mama, nimepata makaratasi. Lakini nimekuua."

"Umeniua?"

"Kwa mdomo tu. Nimewaambia umekufa."

Kadi ya simu inakwenda, mimi jasho linanitoka na nje theluji. Halafu akacheka. Kile kicheko chako, Mama, kinachoanzia puani, nacho kimetoka huko.

"Umenizika vizuri lakini?"

"Vizuri. Kwa kanga nyekundu."

"Nyekundu? Mimi na nyekundu wapi na wapi? Wewe umemzika jirani."

Hakujua jinsi alivyopatia. Tangu hapo kila nikipiga, akipokea anasema, "Maiti hapa. Nani mwenzangu?" Na akimaliza: "Haya, maiti anarudi kwenye mafuta yake." Nami nacheka, wallahi nacheka, kwa sababu kwetu shida inakaribishwa kwa mzaha. Mara moja tu, baada ya miaka, aliniuliza bila kucheka: "Mbwana, hivi maiti hatembelewi? Mbona hata makaburi watu wanazuru?"

Nikamwambia, "Mwakani, Mama."

Basi nawe ndiyo umejua kwa nini nakuita Mama. Ulidhani nakubembeleza. Jina nililokupa, Mwanahamisi, nilikwambia ni la jirani aliyekuwa mwema. Ni jina la mama yangu. Sikuweza kulitamka jina la mzazi wangu nikikutuma sukari, kwa hiyo nimekuita Mama miaka yote, na ukiwa mdogo ukinijibu "Yes" kwa kile Kiingereza chako nilikuwa naona kama yeye ndiye kaitika kutoka kaburini. Na hakuwa kaburini. Alikuwa hai, mbishi, ana meno yote.

Neno nalo halikukaa mahali pamoja. Baada ya yale mabomu ya treni na basi hapa mjini, hakuna mwenye akili aliyelitamka barabarani. Mimi akili sina. Nilikuwa ndani ya basi la kwenda Kingsbury, kwenye ghala la kazini, naongea na Chogo kwenye simu kwa ile sauti yangu unayoionea aibu: "Na yule kijana wa Mombasa naye kajilipua jana!" Mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, sari na koti juu yake, mfuko wa mboga mapajani, akageuka ameshika kifua.

"Baba! Nani kajilipua? Wapi? Wamekufa wangapi?"

Kiswahili safi kuliko cha Chogo. Nikamwambia, "Hapana, mama, si hivyo. Amekwenda ofisini kuomba makaratasi." Nikamweleza lote, jina jipya, nchi mpya. Akapumua. Halafu akacheka mpaka akafuta macho. Akaniambia yeye ni wa Kampala, walifukuzwa akiwa msichana, sanduku moja kila mtu.

"Nyinyi mnajilipua," akasema. "Sisi tulilipuliwa."

Tukacheka wote wawili kama wendawazimu, basi zima linatutazama. Alipofika kituo chake akasimama, akashika chuma, akaniuliza kama anayeuliza bei ya bamia: "Na huyo kijana wako, makaratasi akishapata, jina lake atalirudia lini?"

Akashuka. Mimi kituo changu nikakipita.

Usinitetee, nakujua. Utasema alikuwa mtu wa karatasi, asingeweza kurudi. Miaka ya mwanzo ni kweli. Lakini pasipoti ya hapa niliipata wewe una miaka mitatu, na bibi yako akaishi miaka tisa baada ya hapo. Ningeweza kwenda. Ningeshukia Mombasa, nikavuka mpaka kwa basi, nani angeniuliza? Sikwenda kwa sababu hapa nilishakuwa mtu. Msikitini walinipisha mbele. "Yule ndiye Ali Shee, aliyemzika mama yake kwa mikono yake." Wanawake walituletea vyakula Ramadhani nzima. Huruma tamu, Mama. Ukiizoea, unaona kuwa mtu wa kawaida mwenye mama aliye hai anayekaanga mahamri ni kama kunywa chai kavu.

Nikaipenda hadithi mpaka nikakulisha na wewe.

Ulikuwa na miaka tisa ulipoiandika shuleni. Ulishinda, ukaisoma mbele ya shule nzima: bibi yangu, kanga nyekundu, kasia. Mwalimu wako alilia. Mimi nilikaa safu ya mbele kwenye kile kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni, nikapiga makofi kuliko wote. Mama yako Saida alikuwa kando yangu, hajui kitu wakati ule, ananifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

Siku hiyo bibi yako alikuwa hai. Nilimpigia jioni ile ile.

"Mjukuu wako kaandika habari zako shuleni, kapata zawadi."

"Kaandika nini?"

"Kwamba unajua kupika."

"Mwambie na kuimba najua."

Sikukwambia. Nakwambia leo: bibi yako alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba vibaya mno.

Alipokufa nilikuwa kazini, mchana, nimebeba boksi kweli kweli si kwa lugha ya mtaani. Simu ikaja, dada yangu Rehema. Ndiyo, unaye shangazi. "Mbwana, mama katutoka. Sanda utatuma wewe?" Kwetu sanda ya mama ni ya mtoto wa kiume, na kanga ya kufunika jeneza pia. Nikamwambia, "Anzeni, msimchelewishe." Wakaanza. Sanda Rehema alikwenda kuiomba dukani, kanga wakaleta majirani, na kumwosha akamwosha yeye mwenyewe, peke yake.

Msimamizi wangu akaniona nimeegemea rafu. Akauliza kuna nini. Nikafungua mdomo niseme mama yangu amefariki, nikakumbuka kwamba amekwishafariki. Yeye huyo huyo nilimwambia, mwaka wa kwanza, na aliniombea kwa Mungu wake. Nikashika shavu.

"Jino," nikamwambia.

Akanipa kidonge. Nikabeba boksi mpaka saa mbili usiku nikiwa nimeshika shavu, ili uongo usidondoke.

Nyumbani Saida alifungua mlango, mimi nikaangukia pale pale kwenye zulia la viatu. Nikamwambia mama amekufa. Mama yako akanitazama.

"Ali, mama yako anakufa mara ngapi?"

Nikamweleza yote. Wewe ulikuwa chumbani kwako na vile vitu vyako vya masikioni. Hakusema nami siku nne. Ya tano akaweka chakula mezani, akauliza, "Kwani mimi nimeolewa na nani?" Kisha akasema: "Mtoto utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusemea, wala sitakukanusha." Mungu amrehemu, alitimiza yote mawili, na sisi tukamzika hapa tukiwa na sanda, watu, dua, kila kitu. Nilisimama kaburini kwake nikifikiria kaburi ambalo sikulisimamia. Hata hilo nimemwibia Saida.

Nilisema nitakwambia ukifika kumi na nane. Halafu ukimaliza chuo. Halafu baada ya arobaini ya mama yako. Mimi ni hodari wa mwakani.

Sasa neno umeniletea wewe, limeoga, limevaa nguo mpya. Huko kwenu vijana mtu akivaa vizuri kalipuka, akimwambia mpenzi wake la moyoni kajilipua. Sikusahihishi. Ukilisema wewe lina furaha ndani yake. Wewe umeacha kilicho chako, kwa jina ulilopewa, na hujamuua mtu. Mimi nilipolisema nilikuwa namaanisha kuna mtu atakatika mkono, na sikujua mkono wa nani. Haukuwa wangu. Mzee Bakari alikula kwa kushoto maisha yake yote; mimi nimekula kwa kulia, na Kombo ndiye aliyetoka na koti lake.

Lamu Wabajuni ni wengi. Ukimkuta mzee wa jina la Kombo, mtu wa maneno machache, wali wake hauna mfano, usimwambie wewe ni mtoto wa nani. Au mwambie. Nimefuta sentensi hii mara tatu na bado sijui nikuombe lipi. Kaburi la Chula ni lake. Ikiwa yuko hai, basi yuko mtu mmoja duniani mwenye haki ya kulitafuta, na hadithi yake nimeiweka kwenye daftari lako la shule.

Jina lako la ukoo nalo si lako. Shee niliipata kwa Kombo, kwenye mazungumzo, ikanikaa masikioni. Wewe ni Mwanahamisi binti Mbwana bin Athumani. Ukitaka lirudie, ukitaka liache. Ukitaka barua hii uipeleke pale ofisi ya uhamiaji, ipeleke. Mtu wanayemtafuta anwani yake unaijua, na funguo unazo. Nitakuwa nimekaa hapa hapa jikoni. Kitu ninachoogopa si wao. Ninaogopa utarudi sasa hivi kutoka Stanmore, tutakula, nitakutania kuhusu viatu vyako, na nitaichana hii kama ile pasipoti ya kwenye choo cha ndege. Ndiyo maana karatasi za mwanzo nimeshazitia kwenye sanduku lako, chini ya ile taulo ya bluu. Hizi za mwisho nitazichomeka ukienda kuoga. Utaisoma ukiwa mbali, nami sitauona uso wako. Mwoga hukomaa, haponi.

Ukinichukia, nichukie tu, lakini usiipande hiyo boti.

Sasa lililobaki. Jumapili ulishindwa karata. Usijifanye umesahau, ulikuwa na karata kubwa, mzungu wa nne, ukamficha kwenye mkono wa sweta na bado nikakufunga. Sheria ya nyumba hii aliiweka mama yako: aliyefungwa anadaiwa kazi moja na haulizi kwa nini. Ulinitaka niidai kabla hujaondoka, nikakwambia nitaidai kwa wakati wangu. Naidai.

Likizo ya kwanza usipande juu, shuka chini. Mombasa, kisha basi la Tanga, mtavukia mpakani Horohoro. Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, uliza kwa Rehema wa mahamri. Mguu unamsumbua, mdomo haujamsumbua hata siku moja. Usimweleze sana. Cheka tu mbele yake, atajua. Kaburini atakupeleka, na huko ukasome unachojua. Msamaha wangu usiniombee, hiyo si kazi ya karata.

Kazi ya karata ni ndogo. Mtu aliyemwosha mama yangu hakupewa hata leso. Pita sokoni umnunulie shangazi yako kanga, doti moja, nzuri, yenye maneno utakayoyapenda wewe. Mwambie imetoka kwa Mbwana, imechelewa. Rangi yoyote.

Isiwe nyekundu.

Baba yako,
Mbwana